Shuka la Mkwe

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024, saa mbili asubuhi, pale viongozi wa Migomba FC walipopitisha ndoo ya plastiki kambini Mbeya kukusanya simu. Ndiyo sheria yao: simu zinakaa kwenye ndoo, ndoo inakaa chumbani kwa viongozi, mpaka mechi iishe. Hata kocha hasalimiki. Matej, Mzungu wa Slovenia aliyefundisha mpira nchi nne za Afrika na kufukuzwa zote, akatumbukiza yake bila kinyongo.

Saa hiyohiyo, kule Masoko, baba yake Atuganile, mchumba wa Matej, alikuwa anakata roho.

Matej na Atuganile walikutana sokoni Tukuyu, mwaka mmoja nyuma. Mvua ilishuka ghafla, Mzungu akakimbilia chini ya turubai la Atuganile na kukanyaga chane ya ndizi.

"We Mzungu! Hizo ndizi au ngazi?"

"Samahani, mama."

"Mama yako nani? Umezikanyaga, utazila."

Alivaa gauni la njano, khanga kiunoni na mabuti ya mvua. Matej akala ndizi sita amesimama. Kesho yake akarudi.

"Leo nanunua bila kukanyaga."

"Basi leo bei imepanda, mpenzi," Atuganile akamtania, na lile neno likabaki hapohapo.

Barua ya posa ilipopokelewa, mzee Anyosisye, baba wa binti, alimshika Matej mkono. "Siku yangu ikifika, shuka la kunifunika ulete wewe. Ndiyo kazi ya mkwe."

Sasa siku ilikuwa imefika. Atuganile alipiga simu mara kumi na tisa. Mara moja tu ikapokelewa.

"Matej, mpenzi, tata amefariki! Tunazika kesho. Shuka tunakusubiri."

Kisha sauti ya mwanamume: "Kocha amesikia. Anasema mechi kwanza." Ikakatwa.

Jumamosi jeneza lilisubiri wazi mpaka saa kumi jioni, mvua inapiga bati. Baba mdogo Ambindwile akainuka. "Fungeni."

Udongo haujakauka mikononi, video ikaanza kuzunguka kwenye simu za waombolezaji: Matej amebebwa juujuu, tope mpaka masikioni, anaimba.

Jioni hiyo Matej akapewa simu yake.

"Atu, nimeona simu zako sasa hivi! Nakuja..."

"Ulisema mechi kwanza."

"Mimi? Nani kakwambia?"

"Hongera kwa ushindi, kocha."

Wiki tatu Atuganile hakumpokelea simu. Timu ikafungwa mechi nne, na wale waliombeba wakamkabidhi barua yenye mhuri: kibali chako cha kazi hatukukifuatilia, una siku saba uondoke nchini. Ndivyo viongozi wetu walivyo. Ushindi wao, msiba wako.

Siku ya sita Matej alishuka kwenye bodaboda Masoko, ameloa chapachapa. Akafungua jaketi na kutoa shuka jeupe, kavu.

"Umechelewa," Atuganile alisema. Alikuwa amekonda, kitambaa cheusi kichwani.

"Najua. Angalia kwanza." Akamwonyesha simu. "Hapa. Ijumaa, saa tano na dakika kumi, imepokelewa. Saa hiyo nilikuwa uwanjani, mazoezini na wachezaji wote. Ndoo ilikuwa chumbani kwao."

Atuganile aliitazama ile saa kwenye simu. Kisha akakaa chini kwenye majani mabichi na kulia, na Matej akakaa naye.

"Nilikuchukia, mpenzi," alisema. "Nilikuchukia kweli."

"Ungenipiga kidogo basi."

"Nikupige kwa mwili gani, nilivyokonda hivi?" Akacheka katikati ya machozi.

Baba mdogo hakucheka. "Mimi nakuamini, kijana. Lakini ukoo mzima ulisikia umemkataa marehemu. Aliyepokea simu aje aseme mwenyewe, hapa kaburini. Akisema, shuka litandikwe, ndoa iendelee. Asiposema, hakuna ndoa."

Kesho yake Matej na Atuganile wakaenda ofisi ya klabu pamoja. Mwenyekiti akasema aulizwe katibu. Katibu akasema mweka hazina. Mweka hazina alikuwa na kikao. Jioni hiyo Matej akapanda ndege uwanja wa Songwe, kurudi kwao.

Sasa Matej hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Amesema?"

"Bado, mpenzi."

"Shuka?"

"Lipo kabatini. Nalianika lisipate ukungu."

Watu watatu, ufunguo mmoja wa chumba cha ndoo, na wote wanapita sokoni, wananunua ndizi za Atuganile, wanamwita dada. Yeye huwapimia huku akisikiliza sauti zao, mmoja mmoja.

Ni nani aliyepokea ile simu?