Usingizi wa Sijaona

Tangu couvre-feu ianze, ile amri ya vita ya kutotoka nje usiku, mtaa mzima wa Nyakabiga hakuna aliyelala kumzidi Sijaona, fundi wa nguo. Jua likizama, milango inafungwa, naye huyo kitandani mpaka asubuhi. Lakini kila asubuhi aliamka hoi, kama aliyepakua magunia bandarini usiku kucha.

Siku moja alisinzia juu ya cherehani. Akashona mkono wa gauni la harusi, ukazibika kama mfuko.

Chanelle, bibi harusi, alipolijaribu, mkono ukakwama. "Sijaona! Mi naolewa ama nabeba muchele?" Wateja wakacheka. "Ukikosea tena, nachukua kitambaa changu."

Khadidja, wifi yake Sijaona aliyeishi naye, hakucheka. "Uvivu tu. Watu wanalia vita, we unalia usingizi?"

Sijaona aliona aibu. Akazidisha chai kali, vikombe viwili kila akimaliza kula.

Chanelle aliporudi, alikuja na shangazi yake Spès, muuguzi. Spès alimwona Sijaona akihema kwa kukanyaga cherehani tu.

"Dada, unalala masaa mangapi?"

"Kumi na moja."

"Na unaamka umechoka? Tangu lini?"

"Miezi minne. Lakini nani hajachoka siku hizi?"

"Apana! Cherehani ikikwama siku moja unaita fundi. Mwili unaungoja miezi minne? Kesho njoo kituo cha afya."

Kesho yake Sijaona aliacha sufuria ya chakula cha nyumbani bila kupika, akaenda. Alipimwa damu. Ilikuwa pungufu sana.

"Uchovu una sababu nyingi," Spès alimwambia. "Ndiyo maana tunapima, hatubahatishi. Wako unatokana na damu. Meza hivi vidonge vya madini ya chuma. Kula maharage na mboga za lengalenga. Na chai ikae mbali na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini."

"Chai yangu?" Sijaona alishtuka kuliko alivyoshtuka kwa sindano.

Hata hivyo alitii. Wiki ya sita aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akaimba.

Harusi ilifanyika mchana, maana couvre-feu haingoji keki. Mikono yote miwili ya Chanelle ilipita kwenye gauni. Wateja wapya watatu walimfuata Sijaona palepale.

Khadidja akamsogelea na sahani yake. "Siku ile ulituacha na njaa, eti unapimwa uchovu. Mpaka leo hujaniomba msamaha."

Sijaona alimaliza tonge lake la pilau. Akasukuma kikombe cha chai pembeni.

"Na siombi, wifi."