Tanipu za Kulungu

PAAAH!

Risasi ilipita juu ya kichwa changu. Nikaanguka kifudifudi kwenye majani ya tanipu...

Ndugu zangu, mimi nilitoka kwetu Uvira, kwenye vita, nikiukimbia mlio huo. Sasa umenikuta shambani huku Kanada!

"Usipige! Ni mtu! Ni mtu!" nikapiga kelele.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Libérata. Nahudumia wazee, zamu mbili kwa siku, narudi nyumbani Lawrence Heights miguu imevimba. Mume wangu Josué aliomba kipande cha shamba kwa mzungu mmoja, huko kaskazini mwa jiji. Mwezi wa nane tukamwaga mbegu: tanipu, figili, sukuma. Kila Jumamosi, na uchovu wangu wote, niling'oa magugu.

"Baba Darlène, si nichume sukuma basi?"

"Bado, Mama. Ngoja umande uanze kuganda, majani yawe matamu."

Nikangoja...

Novemba baridi ikapiga kweli. Jumamosi moja Josué akaniambia ana ovataimu kazini kwake Malton, kwa hiyo shambani hatuendi. Mimi nilikuwa na wageni wa kanisa kesho yake, nikamwomba rafiki yangu Ariane anipeleke nikachume mboga.

Ariane kabaki garini, mimi nimeinama, koti la kahawia mgongoni... ndipo PAAAH!

Mwenye bunduki akaja mbio huku analia. Kofia ya wawindaji, ya rangi ya machungwa, ikamdondoka.

Josué!!

"Mama Darlène... nilidhani ni kulungu!"

"Kulungu?!"

Yote yakamtoka palepale. Shamba halikuwa la mboga zetu. Alilipanda ili livute kulungu, maana baridi ikishayafanya majani matamu, wanakuja wenyewe, mpaka tanipu wanafukua. Kuwinda alijifunza kwa siri. Leseni anayo. Bunduki alikuwa anaificha kwa rafiki yake.

"Kwa nini, Josué?"

"Tujaze friza nyama ya kutuvusha baridi, uache zamu ya pili. Umechoka sana, chérie."

Hata nguvu ya kukasirika sikuwa nayo.

"Kazi naiweza. Kukimbia bunduki ndiko kumenichosha."

Akakaa chini, kwenye udongo ulioganda.

Jumatatu aliikabidhi bunduki kwa polisi. Shamba tuliwaachia kulungu, wakalila mpaka theluji ikafunika.

Wapendwa, mwenzako akichoka, muulize kwanza amechoshwa na nini. Mimi sikuulizwa... nikakoswa kwa shubiri moja.