Barafu ya Kasha la Chanjo

Siku ya kliniki Akimana huamka mapema. Hufagia uwanja, huchota maji, kisha humsaidia mama yake, Claudine, kupanga mabenchi kwenye ofisi ya kijiji. Claudine ni mhudumu wa afya hapo Murungu. Jumamosi ile alikuwa na haraka ya kuwaita akina mama wa mbali, maana surua ilikuwa imeingia kijiji cha jirani.

"Nesi ameitwa kumwona mgonjwa, atarudi sasa hivi," alisema. "Lilinde kasha la chanjo. Usilifungue."

"Ego, mama, sitalifungua," Akimana akaitikia.

Punde akaja rafiki yake, Ndayikeza. Walisoma wote darasa la sita, na wiki hiyo walikuwa wamefundishwa hali tatu za maada: yabisi, kimiminika na gesi.

"Humo si mna barafu?" Ndayikeza akauliza. "Tuione inavyogeuka maji. Kidogo tu!"

Akimana akasita, kisha akafungua. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimezungukwa na chupa bapa za plastiki zenye barafu. Wakatoa moja, wakaiweka juani. Walipoitikisa, maji yakacheza ndani. Akimana akairudisha upesi, akazijaribu nyingine. Zote zilicheza maji!

"Tumeharibu chanjo," alinong'ona, akafunga kasha.

"Nyamaza. Nani atajua?" Ndayikeza akasema, akaondoka mbio.

Nesi Deborah akarudi, Claudine naye akafika na akina mama, na mama wa kwanza akaketi, jina lake Niyubahwe. Mtoto wake alikuwa akicheka, akivuta kitenge cha mama. Akimana alimtazama, akashindwa kuvumilia.

"Nesi, ngoja! Usimchome! Nilifungua kasha, nikaweka barafu juani. Imeyeyuka."

Claudine alimkazia macho binti yake. Nesi alifungua kasha, akasoma kipimajoto, kisha akachunguza alama ya kila kichupa, ile inayobadilika rangi chanjo ikipata joto, kimoja baada ya kingine.

"Nyuzi nne," Nesi akasema mwishowe, akitabasamu. "Chanjo ni salama."

Akimana akaangua kilio, machozi yakichanganyika na kicheko.

"Lakini barafu imekuwa maji!"

"Nusu yake tu, na mimi ndiye niliyeiacha iyeyuke kidogo asubuhi. Barafu ngumu kabisa ingegandisha baadhi ya chanjo, zikaharibika. Kinachoamua kitu kiwe barafu, maji au mvuke ni joto. Barafu inapoyeyuka, joto linaloingia hutumika kuigeuza maji, kwa hiyo haipandi joto mpaka kipande cha mwisho kiishe. Ila ungeiacha juani mpaka iishe yote, leo watoto hawa wangerudi bila chanjo."

"Nisamehe, Nesi. Nisamehe, mama."

Claudine akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Umefanya kosa kulifungua kasha, na kesho utafua nguo zote peke yako. Lakini umesema kabla sindano haijamgusa mtoto. Kosa likisemwa mapema, mtu anapata nafasi ya kulipima na kulirekebisha. Likifichwa, anayeumia ni mwingine."

Niyubahwe akamshika vizuri mwanawe. Sindano ikaingia, mtoto akalia kwa nguvu, na akina mama wote wakacheka kwa furaha.