Shati Jeupe Ndani ya Pikapu

"Usirudi hapa kesho. Wala keshokutwa."

Hivyo ndivyo shemeji yangu alivyonifukuza kwenye gereji ya baba yangu mzazi... huku gundi ya paa ikiwa bado imenikaukia vidoleni.

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliangalia chini. Mimi, jamani, si msemaji. Nikigombezwa, majibu mazuri nayakumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani. Kwa hiyo leo nayaandika yote. Kaeni vizuri.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Anajiita Injinia. Injinia wa nini, hata yeye hajui. Alimwoa dada mwaka mmoja baada ya baba kufariki, akaingia gereji na viatu vyake vya ncha, akavuta kiti cha baba, akakaa. Mpaka leo spana kwake ni "hicho kidude". Saa kumi jioni, mikono ya mafundi wote inanuka tina ya kuyeyushia rangi. Yake inanukia pafyumu.

Mimi niliacha shule darasa la tano, nikawa nashinda na baba hapa gereji. Alinifundisha kitu kimoja mpaka nikakiweza: kuziba mishono ya paa la gari. Yale maungio, bati linapokutana na bati. Kwenye gari kuukuu maji hupitia hapo. Unabandua gundi ya zamani yote, unasugua kutu kwa brashi ya waya, unafuta kwa tina, unapaka praima, ile rangi ya msingi, unasubiri ikauke. Ndipo unavuta gundi mpya na kuilaza kwa kidole, taratibu, kama unampaka mtoto mafuta.

Na baba alikuwa na utaratibu wake. Gari halitoki mpaka fundi aliyeziba paa avae shati jeupe, akae ndani, vioo vifungwe, halafu paa limwagiwe maji dakika kumi. Akitoka na doa hata moja, anabandua kazi na kuanza upya. Shati lenyewe lilining'inia kwenye msumari karibu na mlango.

Injinia alipokuja, alisema huo ni upuuzi. Shati akalifanya tambara la kufutia oili.

Sasa, hii pikapu. Ni ya mama mmoja mkunga, mteja wa baba wa miaka mingi. Ilivuja mpaka akawahi kumkimbiza mjamzito mwenye uchungu huku wamefungua mwavuli ndani ya kebini. Alitaka gari lifufuliwe lote, na paa ndilo la kwanza.

Nilifanya kazi siku sita. Mshono wa kushoto, wa mbele, wa nyuma... safi. Wa kulia nilipoubandua, nikakuta kutu imelila bati. Tundu la kupita punje ya dengu, juu kabisa ya kichwa cha dereva. Nikamwambia shemeji hapo panahitaji kiraka, kichomelewe, ndipo nizibe. Siku mbili tu.

Asubuhi yake nikakuta paa limeshapigwa rangi. Linang'aa kama sahani ya wageni. Nikagusa ule mshono kwa ukucha.

Puti!

Injinia alikuwa ameshindilia puti, ule udongo laini wa kujazia mabonde ya bodi, juu ya kutu na kupuliza rangi.

Nilijikusanya karibu nusu saa ndipo nikamfuata. "Shemeji, puti inakunywa maji."

"Hilo umelisoma darasa la ngapi? La tano?"

Akacheka peke yake. Halafu akapanda juu ya gari, akarekodiwa video ya mtandaoni, ameshika bunduki ya gundi anajifanya anaziba. Watu mia tatu wakapenda. Jamani, ncha ya mrija wa gundi ilikuwa haijakatwa, bado imeziba. Hata tone lisingetoka! Na mia tatu wakapenda.

Jioni nikamwambia dada tukiosha vyombo. Niligeuza sufuria iwe kama paa, nikamwonyesha kwa kidole tundu lilipo. Alisugua kile kitako cha sufuria kana kwamba kimemkosea. Nikajua ameshachagua upande wa mumewe.

Na kesho yake ndipo nikafukuzwa. Sababu eti mteja anakuja, na ni aibu mteja akute paa limezibwa na kabinti kalikoshindwa shule.

Kabla sijaweka ufagio chini, mkunga akaingia getini. Akalizunguka gari mara moja, akauliza nani kaziba mishono.

"Mimi mwenyewe, mama," Injinia akasema. "Yote. Kwa mikono hii."

"Na huyu binti wa marehemu?"

"Huyo anafagia."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nilimwangalia. Akaangalia birika.

Mkunga akamtazama Injinia kuanzia kola mpaka viatu. "Vizuri. Na shati jeupe umeshavaa. Haya, ingia ndani."

Kweli alikuwa na shati jeupe, la kupigia video, limenyooshwa mpaka lina makali. Na mnajua nini? Hakuogopa hata chembe. Hapo ndipo nilipomdharau moja kwa moja. Fundi wa kweli angetokwa jasho. Huyu aliiamini puti yake! Akanipa simu yake nimrekodi, akasema hiyo ndiyo kazi ya kiwango changu. Akakaa kwenye kiti cha dereva, akapandisha vioo, akatabasamu.

Nilidhani mkunga ndiye atakayeshika mpira wa maji. Aliyeushika ni dada.

Akaanza kushoto. Kukavu. Mbele, kukavu. Nyuma, kukavu. Injinia akaninyooshea dole gumba kwenye kioo... anajisifu kwa kazi yangu.

Halafu dada akahamia kulia. Akausogeza mpira kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta kitu, akausimamisha usawa wa kichwa cha dereva. Pale pale nilipomwonyesha kwenye sufuria.

Akauacha hapo hapo umwage.

Tone la kwanza lilimwangukia puani. La pili begani, rangi ya kutu. Kisha puti ikaachia kipande kizima, na maji yakashuka kifuani mekundu, na makombo yake. Akatoka mbio, shati limefanana na lile tambara la oili, kidole kimeelekea kwangu.

"Ni kazi ya huyu!"

"Si umesema anafagia?" mkunga akamuuliza.

Injinia akaanza kujifuta kifua kwa kiganja.

Dada akafunga bomba. Hakupandisha hata sauti. "Palipovuja ndipo pako, mume wangu. Kwingine kote ni kwa mdogo wangu. Niliambiwa jana nikanyamaza, leo nimechoka kunyamaza."

Mkunga akanipa mimi ufunguo. Akasema nibandue, nianze upya, nimwite nikimaliza. Mwavuli wake bado anao.

Siku ya nne nilikaa ndani ya ile kebini dakika kumi, moyo unanidunda, nimevaa shati jeupe jingine la Injinia. Dada alilitoa kabatini bila kumuuliza. Nilitoka mkavu.

Kiti cha baba dada amenirudishia mimi. Injinia naye yupo, amepewa ufagio. Hata kufagia, kona anaziruka.

Ndugu zangu, kabla hujasema "nimefanya mimi", hakikisha uko tayari kukaa chini ya hiyo kazi maji yakimwagwa.

Mnaoulizia video niliyomrekodi akivujiwa, aliifuta, simu ni yake. Hakujua kwamba darasa la tano linatosha kuandika.