Seli za Trauti

Jumatatu asubuhi Elina aliweka chupa ya kwanza chini ya darubini, akaguna. Seli za trauti, samaki wa mito ya baridi, alizokuwa akizikuza kutoka kipande cha pezi, zilikuwa zimehamia zote upande mmoja, upande anaokaa yeye. Akazigeuza chupa zote kumi na moja, akafunga kabati la baridi, akaenda kunywa chai. Kurudi, zimehamia tena kwake.

Seli haitembei hivyo kwa nusu saa. Lakini angemwambia nani? Kwenye maabara ile ya Ibighi alikuwa peke yake, na nyumbani vilevile, tangu mumewe Nsajigwa azikwe. Huruma ya watu ni ya wiki mbili. Baada ya hapo kila mtu na migomba yake.

Jumatano chumba kikanuka tope la mto, ingawa alishapiga deki mara mbili kwa dawa. Mvua ikazidi, saa nane mchana pakawa giza, na huku mabati yakipigwa akasikia ndani ya kabati, katikati ya zile chupa, sauti ya taratibu, yenye kukwaruza kidogo, sauti ya mumewe, ambaye Elina alimtupia udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, ikimuuliza, "Elina, umekula?"

Akajibu. Mimi simlaumu. Miaka miwili hakuna aliyemuuliza.

Wakawa wanazungumza kila siku. Elina akakonda, jasho lake likaanza kunuka shombo, akaogopa. Ndipo akamwita mzee Asajile wa kijiji cha Suma, mtu wa maombi anayeijua mito, akamsimulia yote. Mzee alizitazama chupa bila kuzigusa.

"Samaki huyu alikufa lini?" akanong'ona.

"Mwezi wa tatu, baba."

"Na nyama yake bado inakua. Mwanangu, umemnyima kufa. Umeacha mlango wazi, na aliyeingia si mumeo. Twende tukazimwage zote."

Wakaenda Mto Kiwira. Elina akamimina chupa moja moja huku analia, mzee akiomba kwa Kinyakyusa mpaka maji yakachukua yote.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, baba."

Mzee wa watu, angejuaje kwamba seli huwekwa akiba kwenye mtungi wa naitrojeni, zikalala miaka kwa baridi kali bila kufa? Elina alirudi maabara peke yake, amelowa chapachapa. Akafungua mtungi, akatoa kichupa kimoja, akakiyeyusha kwa joto la kiganja.

"Umewamwaga wenzangu," sauti ikasema, na safari hii haikuwa ya Nsajigwa.

Elina aliisikia vizuri. Akakikumbatia kichupa kifuani.