Aliyempata Msimbati

Siku ya kwanza, sokoni Mtwara, Gideoni aliokota uyoga mmoja kwenye ungo wa Rozalia akaugeuza juu chini mpaka wateja wakaanza kununa.

"Kaka, unanunua au unausoma?"

"Dada, baharini kuna sifongo. Matundu yake ni hivi hivi."

"Huko baharini mnaipika na karanga?"

Gideoni alicheka, akanunua ungo mzima. Shati lake lilinuka chumvi, na Rozalia alimpenda papo hapo, hakuna cha kuficha.

Miezi sita baadaye walikuwa wakiishi chumba kimoja, Mtawanya. Jumamosi moja Rozalia alikuwa uani anaosha sufuria, akamsikia Gideoni ndani akiongea na simu.

"Nimempata kule Msimbati. Mweupe, laini. Nimemtafuta mwezi mzima. Hapana, Roza hajui. Kesho namleta nyumbani."

Laiti angetaja jina. Rozalia aliduwaa na sufuria mkononi, na usiku hakulala.

Asubuhi Gideoni alipoondoka, yeye aliingia porini. Alichuma uyoga ambao bibi yake alimkataza hata kuugusa. Simu ililia mara tano, hakupokea. Akaupika kwa karanga, taratibu, akavaa gauni la kijani alilopenda Gideoni.

Saa saba Gideoni aliingia na ndoo. Alikuwa peke yake.

"Mpenzi, mbona hupokei simu? Njoo umwone."

Ndani ya maji kulikuwa na kitu cheupe chenye matundu.

"Ndiye huyu?" Rozalia aliuliza.

"Ndiye. Sifongo wangu."

"Mbona unamwita kama mtu?"

"Ni mnyama, mama. Uyoga ni huu, sifongo ni huyu. Vinafanana kwa macho tu." Alinawa, akavuta sahani, akafinyanga tonge. "Nilitaka nikuchumbie mbele yake, maana ndiye tuliyeanza kumwongelea siku ile sokoni. Pete iko mfukoni."

Tonge lilikuwa limeshachovywa. Rozalia aliipiga sahani ikaruka mpaka ukutani.

"Usile. Nilidhani ni mwanamke."

Gideoni alianza kucheka. Kisha akautazama mchuzi uliotapakaa sakafuni, na kicheko kikaisha.

"Roza, uyoga huu ni upi?"

"Si wa kula." Machozi yalimtoka. "Nakupenda, Gideoni. Nisamehe."

Gideoni alinawa mikono, akanawa tena. Alitoa pete mfukoni, akaishika bila kumpa.

"Nakusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini siku nyingine nikikosea neno?"

Rozalia alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kufuta mchuzi sakafuni.