Nyumba ya Kiponda Haitaki Mnunuzi

"Dada, kesho wageni wakija, wewe usionekane."

Radhiya alikuwa juu ya kigoda, anatundika pazia jipya. Akateremka polepole, akamtazama mdogo wake.

"Nisionekane nna nini?"

"Huna kitu," Mudrik akasema. "Dalali kasema mnunuzi akimkuta mtu anaishi ndani, anaingia shaka. Anataka nyumba tupu, safi, inanukia. Nenda kashinde kwa Bi Ulfat hapo jirani mpaka nikupigie simu."

"Kwa hiyo mapazia yabaki, mimi niondoke."

"Usilikuze jambo, dada."

Akashuka zake ngazi akiongea na simu. Radhiya akabaki na ncha ya pazia mkononi.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, pale Kiponda, ya ghorofa mbili na mlango wa nakshi. Fungu kubwa la urithi ni la Mudrik, dogo la Radhiya, na bila ya Radhiya kutia saini haiuziki. Tangu aachwe na mumewe huko Dar es Salaam, alikuwa akiishi humo peke yake. Ikiuzwa, angehamia chumba cha uani kwa Mudrik, Kwarara, akae chini ya amri ya wifi yake anayefungia hata sukari kabatini. Alikubali kwa mdomo, kwa kuchoka tu. Mwanamke akiambiwa kila siku kwamba nyumba ni kubwa kuliko yeye, mwisho anaacha kubisha.

Halafu Mudrik, kwa hiari yake mwenyewe, akamleta fundi chokaa kutoka Ng'ambo. Kuna watu hujichimbia shimo, wakashukuru kwa koleo zuri.

Kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa Himid. Miaka ile wazee wa Himid walipokuja kumposa Radhiya, Mudrik alikuwa masomoni bara, hakuwaona. Baba aliwajibu kwamba binti yake haendi kwa wavuvi wa Tumbatu, akawafungulia mlango watoke. Siku Himid alipobisha hodi na ndoo yake, ni Radhiya aliyemfungulia.

"Assalamu alaykum, Bi Radhiya."

"Wa alaykumu salaam." Akamtazama kichwani. "Himid. Umeota mvi."

"Wewe hukuota?"

"Mie nnatia hina."

Basi wakacheka, na kazi ikaanza. Himid alikuwa mjane. Mkewe alikwishafariki na binti yake kaolewa Kendwa. Alipaka chokaa sebule, akapaka ukumbi, akapaka mpaka pale ambapo hapakuhitaji. Kazi ikaisha. Jioni ile ile Mudrik aliyomwambia dada yake asionekane, simu ya Radhiya ikalia ujumbe.

"Nimemaliza kupaka. Kesho sina sababu ya kuja. Nitafutie sababu."

Radhiya akaandika: "Ngazi za juu zina ufa."

"Nilizikagua. Hazina."

"Nshakwambia zina ufa. Njoo."

Asubuhi Himid akaja, akapiga magoti kwenye ngazi nzima kabisa, akaanza kuipaka chokaa.

"Radhiya, mie sijui kuzunguka. Nnataka nikuoe."

"Ulishajibiwa."

"Nilijibiwa na baba yako, Mungu amrehemu. Wewe sijakusikia hata siku moja."

Radhiya akachungulia chini kama kuna mtu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa mwari, naye ana miaka arubaini na moja.

"Walii wangu wa kunioza ni Mudrik, na Mudrik anataka nyumba iuzwe. Ukija kuposa leo atasema umefuata mali."

"Sikuuliza Mudrik anataka nini."

Kabla Radhiya hajajibu, mlango wa chini ukagongwa.

Sasa, dalali alikuwa mtu wa kuja, hakuzijua desturi za mji huu. Alikuwa amemwamuru Mudrik nyumba ifukizwe udi kutoka chini mpaka juu, vitanda vimwagiwe asumini, mlango ung'arishwe kwa mafuta, mikeka mipya itandikwe. Mudrik, kwa kiu ya kuuza, akatii neno kwa neno tangu alfajiri. Na nyumba ya Kiponda ikipakwa chokaa, ikatiwa mapazia, ikanukia udi na asumini asubuhi yote, hakuna jirani atakayefikiri biashara. Bi Ulfat aliingia na wanawake nyuma yake, sinia la halua limetangulia.

"Shikamoo, Bi Ulfat."

"Marahaba, ingawa hunistahili. Radhiya, ndo nini kufanya harusi kimya kimya? Sisi wa kunusa udi kupitia dirishani?"

Radhiya alifungua mdomo kusema ni wanunuzi wanakuja. Neno hilo lingetosha. Angevaa buibui, akashinde nyumba ya watu mpaka apigiwe simu. Akamtazama Himid, amesimama juu ya ngazi na chokaa puani.

"Nisamehe, mama," akasema. "Ni kweli. Naolewa."

"Na nani?"

"Na huyo hapo."

Himid akakaa chini palepale. Vigelegele vikapasuka mpaka wazee waliokuwa kwenye baraza la jirani wakanyanyuka kuuliza.

Mudrik alipofika na dalali, pamoja na mnunuzi, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Nassra, alikuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Wazee wakamshika mkono, mmoja baada ya mwengine.

"Hongera, Mudrik. Umemstiri dada yako. Baba yenu angefurahi."

Alipanda juu uso umemwiva.

"Dada, nini hichi?"

"Ulitaka nyumba ivutie watu. Imevutia."

"Wanasema unaolewa. Na fundi chokaa."

"Na Himid bin Usi. Alinitaka zamani, baba akakataa, nikapewa mwengine. Huyo mwengine akanirudisha na sanduku langu."

Mudrik akamvuta kando, akashusha sauti.

"Sikiliza. Olewa, sikuzuii. Walii nitasimama. Lakini kwanza tia saini, mnunuzi yuko hapa."

Hapo ndipo Radhiya alipochemka.

"Mimi niliyekubeba mgongoni, leo unaniuzia nikaha yangu? Sinunui. Ukikataa kunioza, kadhi yupo, na nitakwenda mchana kweupe kwa miguu, mtaa mzima unaniona. Fungu langu siuzi. Chini tupangishe duka, kodi chukua wewe. Juu nnakaa mie na mume wangu."

"Dada, watu wanasikia."

"Na wasikie. Nimefichwa vya kutosha."

Bi Nassra alikuwa kwenye kizingiti, kipande cha halua kishatiwa mkononi na mtu asiyemjua.

"Kaka yangu," akamwambia Mudrik, "mie niliambiwa nyumba tupu. Hii ina bi harusi. Usinitie kwenye dhambi ya kumtoa." Akamgeukia dalali. "Twende zetu. Au ngoja nimalize halua."

Himid naye hakujificha. Aliteremka na chokaa yake mwilini, akasimama mbele ya wazee, akamngojea Mudrik ashuke.

"Mudrik, nnamposa dada yako. Ridhaa nshaipata kwake. Kwako naomba heshima tu."

Wazee wakamgeukia wote. Mudrik akatazama nyuso zilizompongeza muda mfupi uliopita. Aliwaza kuwaambia kwamba udi wote ule ulikuwa wa biashara, kwamba dada yake alikuwa atolewe. Haya ikamshika.

"Ijumaa," akasema. "Baada ya sala."

Ijumaa ikafika. Radhiya alikaa kitandani katikati ya wanawake. Ndoa ya kwanza alipoulizwa ridhaa alikuwa mwari, akainamisha kichwa na kulia, na wakasema kunyamaza kwake kumetosha. Mwanamke aliyekwisha kuolewa, kunyamaza kwake hakutoshi. Lazima atamke mwenyewe.

Mudrik akaja mlangoni na mashahidi wawili.

"Dada, unaridhia nikuoze Himid bin Usi, kwa mahari mliyopatana?"

"Sema taratibu, mwanangu," Bi Ulfat akamnong'oneza bi harusi. "Ona haya kidogo."

Radhiya akanyanyua uso. Dirisha lilikuwa wazi, na wanaume wote wako chini barazani.

"Nimeridhia," akasema, mpaka mtaa wa pili wakasikia. "Na nyumba siuzi."